Mkonga inakata pumzi mlimani: nataka kubadili filta ya dizeli mwenyewe nyumbani

Viazi Uwemba

Habari za jioni wakuu.

Nina Land Cruiser pikapu, tunayoiita mkonga, injini ya dizeli ya 1HZ. Nabeba viazi kutoka Uwemba na vijiji vya jirani kupeleka Makambako. Tangu wiki iliyopita gari ikiwa tupu inakwenda vizuri tu, ila ikibeba mzigo na kukuta mlima inakata pumzi. Nakanyaga mafuta hadi mwisho, mlio haubadiliki, narudisha gia ya 2, inajikokota. Nikifika tambarare inarudi kawaida. Moshi mweusi haitoi. Na juzi taa ya filta kwenye dashibodi imeanza kuwaka nikikata kona, nikinyoosha inazima.

Gereji niliyoipeleka wamesema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imechoka, ishushwe. Hela waliyotaja ni ya msimu mzima wa viazi. Kabla sijakubali nimenunua filta mpya ya dizeli, namba 23303-64010, na Jumamosi nataka kuifunga mwenyewe hapa uani. Spana za kawaida ninazo, spana ya filta sina.

Naomba anayeijua kazi hii anielekeze, hasa suala la upepo, yaani hewa kuingia kwenye njia ya dizeli, maana naambiwa ukishafungua filta ya dizeli gari haiwaki tena mpaka aje fundi. Pia kile kidude chenye nyaya mbili chini ya filta ya zamani, je, kinakuja na filta mpya? Kwenye boksi sikioni.

Kingo wa Mwanjelwa

Mkuu hiyo kazi ndogo. Jaza dizeli kwenye filta mpya mpaka juu, funga, piga selfu, inawaka hapo hapo. Habari za kubonyeza pampu ya mkono ni kujichosha.

Utingo wa Zamani

Mdogo wangu Viazi, usikubali pampu ya nozeli ishushwe kwa dalili hizo. Nilianza kama utingo kwenye malori ya Dar hadi Tunduma, sasa nina kibanda changu cha ufundi Ilula, na magari yanayoshindwa mlima Kitonga mengi huishia kwangu, wenyewe wakiwa wameshaambiwa pampu imekufa. Pampu nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima kabisa. Inaniuma kuona mtu anauza shamba kwa ajili ya filta.

Tazama dalili zako. Tambarare injini inahitaji dizeli kidogo, na filta iliyoziba bado inaipitisha hiyo kidogo. Ukiweka magunia na mlima, inataka nyingi, na filta haina njia ya kuitoa. Moshi mweusi ungeuona kama dizeli inafika lakini hewa haitoshi. Wewe huna moshi, kwa hiyo injini haishibi dizeli. Na taa ya kwenye kona ni maji. Ndani ya kile kidude cha nyaya mbili kuna boya dogo. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini kabisa ya filta, yakipanda kufikia usawa wake yanainua boya na taa inawaka. Kwako yameshakaribia usawa huo, ndiyo maana yanafika boya ukiyumba tu. Usiendelee kubeba mzigo hivyo. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, haina oili nyingine, na maji yakiingia humo ndipo yale maneno ya gereji yatakapokuwa kweli.

Kabla ya filta kuna jaribio lisilo na gharama. Ikikata pumzi mlimani, simama pembeni, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia la mfuniko limezibwa na vumbi. Osha mfuniko, na tatizo linaweza kuwa limeishia hapo. Ila kwa taa hiyo, filta lazima uibadili tu.

Sasa kazi yenyewe. Ifanye injini ikiwa ya baridi, na uanze kwa kuosha. Hapo naomba usiparuke. Gari ya mashambani ina udongo mwekundu umeganda kuzunguka kichwa cha filta. Ukifungua hivyo hivyo unadondoka upande ule ambao dizeli imeshachujwa, na kutoka hapo inakwenda moja kwa moja pampuni. Chukua brashi na mafuta ya taa kidogo, sugua kichwa, mabomba na shingo ya filta, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Funika oltaneta na mipira iliyo chini kwa mfuko wa nailoni, dizeli haifai kumwagikia hapo.

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya asali au ya jamu. Chomoa soketi ya nyaya, legeza koki ya plastiki iliyo chini kwa vidole, halafu bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta. Itamwaga kwenye chupa. Chupa hiyo usiimwage, iweke mahali itulie mpaka jioni. Nitakuuliza kilichomo.

Kama huna spana ya filta, chukua mkanda wa feni wa zamani, uzungushe kwenye filta, pitisha mpini wa nyundo kwenye kitanzi, sokota mpaka ubane, kisha vuta kinyume cha saa. Wengine wanazungushia msasa, upande wa mchanga ukiwa ndani, wanakamata kwa mikono miwili. Wako pia wanaopigilia bisibisi katikati ya filta na kuigeuza. Mimi siipendi, kwa sababu bati likichanika na filta ikabaki pale pale, huna tena gari ya kukufikisha dukani.

Ikishatoka, ingiza kidole juu kwenye kichwa. Mpira wa filta ya zamani mara nyingi unabaki umeganda pale. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, hiyo mipira miwili haikai sawa, gari itavuta upepo kila siku na hutajua unatokea wapi.

Kidude hakiji na filta, kinahamishwa. Bana filta kwa mkanda ule ule, kidude kizungushe kwa mkono. Kikigoma kishike kwa kitambaa na plaizi kubwa, taratibu, ni plastiki na kikipasuka utakinunua. Kina oringi yake, ibadili. Filta nzuri inakuja na oringi hiyo ndani ya boksi, kagua pembe za mfuko kabla hujautupa. Na kabla ya kufunga, chungulia ndani ya filta yenyewe kwenye tundu la katikati. Karatasi iwe imekunjwa kwa nafasi zinazolingana na isitikisike ukiipiga kofi. Feki zipo nyingi, nyingine boksi lake zuri kuliko la halisi.

Paka dizeli kwenye mpira na oringi, funga kwa mkono mpaka mpira uguse kichwa, ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono vile vile. Spana ni ya kufungulia tu. Koki ya chini kaza kwa vidole.

Halafu bonyeza pampu ya mkono. Mwanzo itakuwa laini, baadaye itaanza kukataa. Ikishakuwa ngumu, endelea kidogo kisha tazama kama kuna panapolowa. Washa swichi, subiri taa ya hita izime, piga selfu. Usiishikilie selfu zaidi ya sekunde 10 au 15, ipumzishe, bonyeza pampu tena, rudia. 1HZ nyingi zinawaka hapo, zikitetema kidogo mwanzoni. Ikigoma kabisa, legeza nati za mabomba mawili au matatu pale kwenye nozeli kwa spana ya 17, mwenzako apige selfu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Hiyo ni kwa injini za zamani zisizo na kompyuta peke yake.

Ndugu Kingo, kuhusu kujaza kabla. Dizeli inaingia kwenye filta kupitia vitundu vidogo vya pembeni, inapita kwenye karatasi, inatoka tundu la katikati. Ukimimina kidumu chako tundu la katikati, umepeleka dizeli ambayo haijachujwa upande safi. Anayetaka kujaza amimine vile vitundu vya pembeni, polepole, na dizeli safi. Lakini kama gari ina pampu ya mkono sioni sababu ya kujaza. Toyota waliiweka pale kwa kazi hiyo.

Kingo wa Mwanjelwa

Hilo la vitundu vya pembeni sikuwahi kuelezwa na mtu. Nimekuelewa mkuu, asante.

Vigo ya Kibaigwa

Naongezea kwa wenye Hilux Vigo na D4D nyingine, yaani dizeli za Toyota zenye kompyuta, maana wengi watasoma hapa na kwenda kufanya vile vile. Kwetu si kopo zima la kuzungusha, ni nyumba ya filta yenye mfuniko, unatoa kiini cha karatasi ndani unaweka kingine na oringi mpya. Usijaze kitu. Na yale ya kulegeza nati kwenye nozeli yasahau kabisa. Kwenye reli ya D4D, lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli zote, msukumo unapita bar 1,000, dizeli ikichomoka hapo injini ikiwa inaunguruma inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano tu, kumbe ndani mkono unaoza. Pampu ya mkono inatosha. Ikikataa, peleka kwa mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Utingo wa Zamani

Sawasawa. Na mtu akipata jeraha la namna hiyo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haliumi.

Viazi Uwemba

Wakuu, kazi nimeifanya. Mfuniko wa tangi niliujaribu kwanza, haukuwa na shida. Filta ilikuwa imekaza sana, mkanda wa feni umeifungua. Mpira wa zamani kweli ulikuwa umebaki juu, ningeufungia filta mpya bila kujua. Nimebonyeza pampu mpaka ikawa ngumu, selfu ya pili ikawaka. Nimeipakia magunia nikapanda nayo, inapanda kwa gia ya 3 mlima ambao wiki iliyopita ulitaka gia ya 2. Taa imezima.

Chupa sasa. Chini kuna maji karibu unene wa kidole, ya kahawia, na chembe za kutu. Juu yake dizeli. Katikati, pale maji yanapokutana na dizeli, kuna utando mweusi unaovutika kama mlenda. Nimeuchota na kijiti, unaning'inia. Hiyo ni nini?

Na kuna jipya. Leo asubuhi haikuwaka haraka kama zamani. Ilizunguka sana, ikawaka, ikazima, ndipo ikakaa. Jioni inawaka vizuri. Chini ya gari hakuna tone lolote la dizeli.

Utingo wa Zamani

Nashukuru umeitunza chupa.

Huo mlenda ni viumbe hai. Kuna vijidudu na ukungu vinavyoishi kwenye maji yaliyo chini ya tangi na kula dizeli pale mpakani. Bila maji haviishi. Kwa hiyo filta uliyotoa haikuchoka kwa umri, imezibwa na uchafu wa tangi, na hiyo mpya nayo itazibwa usiposhusha dizeli ya tangini. Chini ya tangi lako kuna boliti ya kumwagia. Subiri siku tangi liko karibu tupu na gari imelala usiku mzima pahala pa usawa, fungua, acha maji na matope yatoke kwenye ndoo mpaka ije dizeli safi. Ukikuta mlenda mwingi, tangi lishushwe lioshwe, na chujio la ndani ya tangi litazamwe. Ni kazi ya siku moja na haina ulinganisho na bei ya pampu.

Maji hayo yanatoka wapi? Kwanza, nyie mko kwenye baridi. Tangi likilala nusu, hewa iliyo juu ya dizeli ina unyevu, usiku wa Njombe unaugeuza kuwa matone kwenye bati, na matone yanashuka chini. Jaza tangi jioni unaporudi badala ya asubuhi unapoondoka. Pili, vidumu na mapipa ya vijijini. Najua sheli ni chache huko, na anayeuza kwa kidumu si lazima awe mwizi, pipa lake tu linakaa nje na mvua inaingia kwenye mfuniko. Watu wanasema mafuta yenye vinasaba, yaani kemikali ya alama inayowekwa kuyatambua, ni salama. Vinasaba EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, watu walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta ya taa. Havisemi lolote juu ya maji yaliyoingia kwenye pipa baada ya hapo. Na filta nayo haichuji mafuta ya taa, yanapita kama yalivyo na kuikosesha pampu ulainisho. Kwa hiyo hakuna filta itakayokuokoa na muuzaji mbaya.

Sasa la asubuhi. Mkonga yako haina pampu ya umeme tangini. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini kupitia filta. Njia hiyo yote inanyonywa, na tundu dogo likiwepo halitoi dizeli nje, linaingiza upepo ndani. Ndiyo maana chini ni pakavu. Gari ikilala, upepo unaingia, dizeli inarudi tangini, asubuhi selfu inavuta hewa tupu.

Kesho kabla ya kupiga selfu, bonyeza pampu ya mkono. Ikiwa laini kisha ikakaza, na gari ikawaka mara moja, basi jibu tumelipata, ni upepo. Kuujua unakoingia, nunua kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, linalohimili dizeli, kiweke kati ya bomba linalotoka tangini na kichwa cha filta. Washa, tazama. Mapovu yakipita hapo, tundu liko nyuma, kati ya filta na tangi. Hakuna mapovu, kihamishe baada ya filta. Yakionekana hapo, ni filta uliyofunga, oringi ya kidude, koki, au ile pampu ya mkono yenyewe, mpira wake wa ndani hupasuka kwa uzee.

Mama Vifaranga

Samahanini naingilia. Mimi nina IST ya petroli, nasambaza vifaranga Morogoro. Inakata kata nikiongeza mwendo. Nimetafuta filta ya mafuta chini ya boneti sijaiona. Nami naweza kubadili mwenyewe kwa njia hii?

Utingo wa Zamani

Dada yangu, hutaiona kwenye boneti. Kwenye IST filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu ya umeme, unaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma. Kazi yake si ngumu lakini ni petroli, na mvuke wake unawaka hata kwa cheche ya swichi. Bomba lake pia linakaa na msukumo wa kama bar 3 hata gari ikizimwa. Kwanza huchomolewa fyuzi ya pampu na injini huachwa iungurume mpaka izime, betri ikatolewa, ndipo bomba liguswe. Wewe una vifaranga, maana yake una jiko la mkaa au taa za joto karibu. Usiifanye nyumbani hapo. Na kukata kata kwa petroli kuna plagi na koili pia, zikaguliwe hizo kwanza, ni rahisi zaidi.

Mama Vifaranga

Taa za joto ziko ukuta wa pili na nilipotaka kuifanyia. Asante sana kaka, naanza na plagi.

Viazi Uwemba

Mzee wangu Utingo, nimepata. Pampu ya mkono asubuhi ilikuwa laini, nikaibonyeza, gari ikawaka bila kusumbua. Bomba la plastiki nilipoliweka upande wa tangi mapovu madogo madogo yakawa yanapita mfululizo. Nikalala chini ya gari nikafuata njia. Juu ya tangi, pale bomba la bati linapoungana na mpira, mpira umekauka na una nyufa, klipu yake imelegea, ukiugusa unazunguka. Nadhani filta ilipokuwa imeziba pampu ilikuwa inanyonya kwa nguvu ikaumalizia.

Nimenunua mpira mpya wa dizeli na klipu za kukaza kwa bisibisi. Je, nikate ule wa zamani pale palipopasuka tu, au nitoe wote?

Utingo wa Zamani

Toa wote. Mpira uliokauka mwisho mmoja umekauka na mwingine. Na kwa kuwa utakuwa chini ya tangi na limekwisha legezwa, fungua ile boliti ya kumwagia siku hiyo hiyo. Nunua na oringi au washa yake mapema, ile ya zamani haikubali kurudi. Dizeli chafu usiimwage karibu na kisima. Huku kwetu watu wanaipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa.

Filta hii mpya ifungulie koki ya chini kila baada ya wiki moja kwa mwezi wa kwanza, toa kidogo kwenye chupa. Ikitoka dizeli tupu wiki zote, utaibadili tena kwenye kilomita 10,000. Kwa barabara zako za vumbi mimi nisingevuka hapo. Ikitoka maji, niandikie.